Siku ya kwanza kugombezwa kazini: ulemavu, kazi na kujitolea hapa Amu (Lamu)

Nilikuwa na miaka 23 siku ya kwanza kugombezwa kwa kuchelewa kazini, na wallahi nilirudi nyumbani natabasamu peke yangu ndiani kama mtu aliyekubaliwa posa. Bosi wangu alikuwa fundi wa simu, ana kibanda kidogo pembeni mwa Ndia Kuu, ile barabara kubwa ya mji, na asubuhi hiyo alikuwa amefura kwelikweli, wateja watatu wamemsimamia, simu moja ishafunguliwa matumbo nje, na mimi ndo naingia saa tatu u nusu na magongo yangu mawili na sababu nzuri kabisa: usiku ilinyesha, na vichochoro vya mtaa wetu wa Langoni vikirowa mpira wa gongo hauna pa kushika, unakwenda kama mtu aliyekanyaga sabuni. Akanikatiza. "Mvua haikuanza leo. Ukiskia imenyesha, toka mapema." Basi. Hakuna pole, hakuna maskini kijana wa watu, akanisukumia bisibisi nikaanza kazi.

Mimi polio ilinikamata nikiwa na miaka minne, na kutoka hapo mpaka siku ile sikumbuki mtu kunigombeza kwa jambo lolote la maana. Nikivunja kikombe, mwache. Nisipoenda chuoni, mwache. Ndugu zangu wakitumwa dukani wakirudi na chenji pungufu wanachapwa, mimi situmwi, kwa hivo sichapwi. "Mwache" ndilo neno nililokulia nalo, na mama alilisema kwa mapenzi, sina shaka, lakini ukiliskia miaka 19 mfululizo mwisho unaielewa maana yake: hakuna kitakachoharibika usipokuwepo.

Nimeanza na kisa hiki manake hili suala la ulemavu na kazi watu wanalifunga fundo kwa kulianzia mwisho. Utaskia kwenye mikutano, tuwajenge kujiamini kwanza, tuwape semina, wakishajiamini watatafuta kazi. Nshaenda semina za aina hiyo, nyingi tu, na chai yake na mahamri yake mazuri. Unatoka pale umejaa upepo kama tanga, ukifika nyumbani umeshuka wote, kwa sababu kesho asubuhi hakuna anayekungoja. Mimi naona mambo yanaenda kinyume chake. Mtu hupewa kitu cha kufanya, anakiharibu kidogo, anakipatia kidogo, watu wanaanza kumtegemea, na siku moja anajikuta anaongea mbele za watu kwa sauti yake ya kawaida bila kujua kujiamini kuliingia lini.

Maneno yenyewe nayo yamechangia. Kwangu mimi neno linaloudhi kuliko kiwete ni "wasiojiweza". Kiwete angalau linataja mguu. Wasiojiweza linamchukua mtu mzima mzima, kwamba hajiwezi, na tunalitumia kwa heshima kabisa, kwenye matangazo ya sadaka na kwenye hotuba: tuwakumbuke mayatima, wajane na wasiojiweza. Kuna wanaosema pia kwamba kipofu, kiziwi na kiwete ni matusi kwa sababu lugha imewatia kwenye ngeli moja na kiti na kijiko. Hoja tamu lakini naitilia shaka, manake kijana na kiongozi nao wako humo humo na hakuna anayelalamika, na tena tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Sikuizi inayopendwa ni "mtu mwenye ulemavu", mtu anatangulia ulemavu unafuata, na mimi naikubali, ila ukiniita mlemavu na ukanilipa kwa wakati sitakushtaki.

Halafu kuna "kabla hujafa hujaumbika", ambayo kila mtoto wa pwani ameambiwa siku aliyomcheka mtu anayechechemea. Wengi wanaichukua kama kitisho, usicheke yasije yakakukuta. Lakini isome taratibu, mna habari ya kweli ndani yake, kwamba wengi wetu hawakuzaliwa hivi. Sukari imemkata mtu mguu, presha imemwangusha upande mmoja ukafa, boda imemtupa, mtoto wa jicho amemfunga macho uzeeni. Na hawa nadhani ndo wanaoumia zaidi na mambo ya kazi, kwa sababu mimi sikuwa na cha kupoteza, lakini nahodha aliyepooza mkono anaamka kila asubuhi akiskia mashine za boti zinaondoka bila yeye.

Sasa ulemavu wenyewe uko wapi, kwenye mguu au kwenye ndia? Hili wataalamu wamelijadili miaka mingi, na hapa Amu jibu lake unaliona kwa macho. Nikiwa kibandani nimekaa kwenye kigoda, mikono juu ya meza, solda inatoa moshi, sina ulemavu wowote, kazi ya fundi simu ni macho na vidole. Nikitaka kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, ndo nalemaa upya. Maji yakijaa boti inalingana na gati, natia gongo moja ndani, nakamata ubao, nshaingia. Maji yakitoka boti iko chini kabisa, ngazi zimeota mwani, na lazima vijana wawili wanishike makwapani wanishushe kama gunia la nazi na abiria wote wanatazama. Mguu ule ule, gati lile lile, masaa sita tu katikati. Ndo maana mimi sipangi safari kwa saa, napanga kwa maji.

Mji wetu ni urithi wa dunia, Unesco waliuandika mwaka 2001, na kuna vichochoro humu punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nyumba zina daka, yaani ukumbi wa kuingilia, na ngazi za mawe mlangoni, na vyumba vya maana viko ghorofani. Viti vya magurudumu tunavyoletewa vingi vimetengenezwa kwa sakafu ya hospitali, magurudumu ya mbele madogo, yakiingia kwenye mchanga wa Wiyoni yanazama, yakiingia kwenye mtaro yanakwama, na hewa ya chumvi haina huruma, mwaka hauishi beringi zishashika kutu. Kisha watu wanasema tulimpa kiti na bado hataki kutoka nje. Na ukitaja rampu utaambiwa huu ni mji wa kale mawe hayaguswi. Sawa, mawe yasiguswe. Lakini huu pia ni mji wa watu wanaopinda mbao mpaka ikawa jahazi, ubao wa kuegesha mlangoni asubuhi na kuondoa jioni unatushinda vipi?

Nshawahi kuitwa intavyu kwenye ofisi moja, siitaji, chumba kiko ghorofa ya pili na ngazi zake nyembamba hazina pa kushika. Nikampa mtoto mmoja magongo anipandishie, mimi nikapanda kwa makalio, ngazi moja baada ya moja, nilizihesabu, 27, na suruali nyeusi niliyoipiga pasi usiku ikageuka rangi ya chokaa. Nilipoingia wakanipigia makofi. Yaani watu wanne wazima nyuma ya meza wanapiga makofi, mmoja akasema nimemgusa moyo. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja la kompyuta. Kazi sikupata, na tangu siku ile nkajua kustaajabiwa ni kitu kimoja na kutegemewa ni kingine.

Hesabu nazo zinachanganya watu, nizipitie haraka. Sensa ya 2009 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5, ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya wenye miaka 5 kwenda juu. Hakuna aliyepona hapo katikati, maswali ndo yaliyobadilika: 2019 watu waliulizwa wanapata ugumu kiasi gani kuona, kuskia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, wakahesabiwa wale wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Shirika la Afya Duniani, kwa kipimo kipana zaidi, linasema ni watu bilioni 1.3, kama asilimia 16 ya dunia. Kwa hivo mtu akikurushia asilimia muulize kwanza alihesabu nini.

Tuje kwa sheria, hapa ndo fundo limekaza. Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 54 inasema tushughulikiwe kwa heshima, tufikie mahali pa umma, usafiri na habari, na kwamba asilimia 5 ya walio kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, ila kwa hatua, kidogo kidogo. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ndiyo iliyounda lile Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu tunaloliita NCPWD. Mei 2025 ikatiwa saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile, na aliyeupeleka mswada wake Seneti ni Crystal Asige, seneta ambaye yeye mwenyewe haoni. Hii mpya inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, wa serikali au wa binafsi, atenge angalau asilimia 5 ya nafasi zake.

Fanya hesabu ya darasa la nne, asilimia 5 ya 20 ni mtu mmoja. Sasa tembea Ndia Kuu kuanzia Mkunguni hapo mbele ya Ngome mpaka mwisho, uniambie ni maduka mangapi yana wafanyakazi 20. Bosi wangu alikuwa na mfanyakazi mmoja tu, mimi, yaani alishatimiza asilimia 100 na hakuwahi kuiskia sheria yoyote. Sheria hii nzuri kwetu inagonga kaunti, hospitali, benki na hoteli kubwa chache, na huko wanataka cheti, na cheti kinataka shule, na shule ilikuwa na ngazi. Vivyo hivyo msamaha wa kodi: mwenye ulemavu akiwa na cheti cha KRA, wale wakusanya kodi, shilingi 150,000 za mwanzo za mapato yake ya mwezi hazikatwi kodi. Vizuri sana. Mtaani kwetu namjua mtu mmoja anayeitumia, mwalimu, na mshahara wake haufiki hata nusu ya hizo.

Na kadi. Watu wengi wanadhani kadi ya NCPWD ndo pesa, ukishaandikishwa shilingi 2,000 za Inua Jamii zinaanza kuingia kwa simu, zisipoingia wanaitupa kabatini. Zile 2,000 kwa mwezi ni mpango mwingine wa serikali, ziliwekwa kwa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Kadi kazi yake ni kufungua milango mingine: kuomba kifaa au msaada wa kikundi kutoka hazina ya maendeleo ya watu wenye ulemavu, kufuata ule msamaha wa kodi, na kikundi chenu kuandikishwa kwa zile tenda za serikali, asilimia 30, zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuna wengine nao wana hofu ya upande wa pili, wanajificha kufanya kazi wasije wakaonekana wakaambiwa washapona. Ndugu yangu, hakuna anayepona polio kwa kutengeneza simu.

Waajiri wadogo kinachowatisha ni kudhani kumwajiri mtu kama mimi lazima uweke lifti. Si lazima, na mfano mzuri kuliko wote tunauskia kila Ramadhani. Ibn Ummi Maktum, sahaba asiyeona, yule ambaye sura ya Abasa iliteremka kwa ajili yake, Mtume s.a.w. hakumwekea bakuli mlangoni, alimpa kazi. Alikuwa muadhini wake pamoja na Bilal. Hadithi yenyewe kila mtu anaijua, Bilal anaadhini bado ni usiku, basi kuleni na mnywe mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Ila mna kipande kidogo ndani yake watu wanakipita mbio: alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha, kumekucha. Haoni alfajiri, kwa hivo mtu anamwambia, na yaliyobaki ni yake. Gharama yake ni ulimi wa mtu mmoja. Na fikiria uzito wa kazi aliyopewa, mji mzima unaacha kula kwa sauti ya mtu asiyeona.

Nilikiona kitu kama hicho Matondoni, kijiji cha waunda boti hapa kisiwani. Kuna kijana pale, haskii tangu kuzaliwa, anafanya kalafati, ile kazi ya kusukumiza pamba kwenye nyufa za mbao za boti ili isivuje. Fundi alikuwa na hofu kumchukua, manake kiwandani ubao ukitaka kuanguka watu hupigiana ukelele, na huyu ukelele haumfikii. Suluhu waliipata wenyewe bila semina: anayetaka kumwita anapiga kisigino mara mbili kwenye ubao anaoukanyaga, mtetemo unampanda mguuni, anageuka. Kukiwa na hatari wanarusha kitambaa mbele ya macho yake. Fundi akanieleza kwamba wengine husikiliza mlio wa nyundo kujua pamba imekaza, huyu anaweka kiganja. Nikauliza, basi boti zake hazivuji? Akacheka, zinavuja kama za wengine. Hilo jibu lilinifurahisha kuliko angesema kijana ni hodari wa ajabu, manake tumechoka kuwa ama hatufai ama ni miujiza.

Kuna jingine, la kuchaguliwa kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, kifungu chake cha 27 kinazungumzia kazi ambayo mtu ameichagua mwenyewe. Huku kwetu ukiwa hutembei watu washakuchagulia: kofia kama ni mwanamume, cherehani kama ni mwanamke. Kofia ya mkono ya Amu ni kazi ya watu wenye akili na subira, unatoboa vitundu mamia kwa mamia na kila kimoja unakizungushia uzi, miezi inakatika kwa kofia moja, na ikiwa safi inauzwa pesa za kuheshimika. Mimi nilijaribu. Kofia yangu ya kwanza ilitoka pana upande mmoja, mjomba akaivaa siku ya Idi kwa kunihurumia, ikapeperukia baharini, na sijui kama aliinama kuitafuta.

Kwenye simu niliingia kwa kujitolea. Miezi mitano nilikuwa nakaa pale kibandani bila shilingi, nafungua simu mbovu, nafagia kwa kukaa, nashika wateja maneno bosi akienda kuswali. Mwezi wa sita akaanza kunilipa kwa kila simu. Mwezi wa nane nikachoma bodi ya simu ya mteja, nilizidisha joto la solda nikaona moshi mweusi, mteja akalipwa simu nyingine ya mitumba na bosi akaandika ukutani kwa chaki, jina langu, 1,500. Alikuwa anafuta kidogo kidogo kila Jumamosi akishanikata. Mama alipojua alilia, akamtuma mjomba, huyu huyu wa kofia, aende amwombe bosi anisamehe lile deni. Mjomba akaenda na kanzu yake na maneno yake ya busara, mimi nimekaa hapo hapo naskia. Bosi akamsikiza mpaka mwisho, akamwagizia kahawa, kisha akamwambia, "Mzee wangu, nikimsamehe hili, kesho siwezi kumpa simu ya mtu aishike. Wewe ungempa?" Mjomba akanywa kahawa yake. Deni nililipa wiki ya kumi na moja, lakini alama ya chaki haikutoka vizuri, ukitazama kwa mwanga wa upande ulikuwa bado unaisoma.

Sadaka siitukani, ni ibada na kuna nyumba zinaishi kwayo. Ila mwenye kukusamehe kila kitu amekwisha kukutoa kwenye hesabu.

Kujitolea sasa, au kuvolantia kama vijana wanavosema, ndo penye utata zaidi, na sina jibu moja. Kuna Bi mmoja jirani yetu Langoni, macho yalimuisha pole pole akiwa na miaka thelathini na kitu. Wanawake wa mtaa wana mchezo wao wa pesa, watu 18, kila wiki anapokea mmoja. Siku moja daftari likapotea, ukazuka ugomvi nani katoa nani hajatoa, sauti zishapanda mpaka nje, na yeye kwenye kona yake akaanza kutaja, jina kwa jina, wiki kwa wiki, na fulani alitoa nusu akasema atamalizia mume akirudi bahari. Wakanyamaza wote. Tangu siku hiyo ndo karani wao, hana mshahara, katibu mwenye macho anaandika na yeye anasahihisha. "Mimi ni daftari lisoibwa," huniambia, na hucheka mpaka akakohoa. Zamani waliokwenda kwake walikwenda kumjulia hali. Sikuizi wanakwenda kumwomba, Bi niweke wiki ya mbele nna harusi ya mwanangu, na yeye anaweza kukataa. Nikimuuliza alianza kujiamini lini hana jibu, ananambia tu kwamba Jumapili lazima aoge mapema na abadilishe leso, manake watu watakuja.

Huko ndo kujitolea kunakojenga. Lakini kuna kwengine kunakonyonya. Wale wanaozunguka majumbani kwa mambo ya afya walikuwa wanaitwa wa kujitolea miaka nenda miaka rudi, mpaka 2023 ndo serikali ikawawekea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya taifa nusu ya kaunti. Na kwa mwenye ulemavu bure haiwi bure. Mwenzangu mzima akijitolea siku moja ametoa siku moja, mimi natoa siku moja, na nauli ya boti, na ya punda kama imenyesha, na kitu kidogo cha kijana wa kunibebea.

Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hivo kupanda mikoko ndo kujitolea kwetu kwa kila siku. Mara ya kwanza kikundi chetu cha watu wenye ulemavu kualikwa tulipewa fulana, tukapangwa mstari wa mbele wa picha, kisha tukaambiwa nyinyi kaeni kivulini mpumzike, wenzetu wakaingia matopeni. Tulirudi hatujachafuka hata kidole. Mara ya pili, kwa kikundi kingine, mama mmoja mwenye haraka zake akatumwagia lundo la tope na vifuko mbele ya miguu, akasema jazeni, na akenda zake. Tukajaza mpaka adhuhuri, wa magongo, wa kiti, asiyeona anashika kifuko mwenye mkono mmoja anatia, tope mpaka kwenye nyusi. Yule mama akarudi akakagua, akatapanya kama thelathini, hivi havikushindiliwa. Picha sikumbuki kama ilipigwa.

Tangu hapo nikiitwa kujitolea nauliza tu, nisipokuja nini kitakwama? Wakinijibu uwepo wako utawatia watu moyo, najua natakiwa picha. Pili nauliza nauli, bila haya.

Na kuna upande mmoja ambao bado unanisumbua. Nikisema kazi ndo inayompa mtu hadhi, nimemweka wapi binamu yangu, ambaye hatembei, maneno yake tunayaelewa watu watano tu, na hatapata mshahara maisha yake? Asubuhi anatolewa anakalishwa barazani, na kwa sababu yupo pale siku zote watu wameanza kumwachia vitu: funguo, mfuko wa mikate, mtoto dakika kumi. Mwenye funguo akirudi yeye ananyosha kidole zilipo. Akija mtu mwingine kuzitaka anapiga yowe mtaa mzima utoke. Ni kazi hiyo? Shangazi anasema si kazi, ni kukaa tu. Mimi siku aliyolazwa hospitali niliona watu watatu wamesimama pale barazani na funguo mkononi hawajui wampe nani.

Alhamisi navuka Mokowe kufuatilia karatasi za kikundi, na nakwenda na vijana wawili wa hapa mtaani wanaotaka kujua habari za kadi, mmoja ni wa gongo kama mimi, mwingine haskii. Maji yatakuwa yamejaa saa nne asubuhi. Nimewaambia saa tatu u nusu wawe gatini, na atakayechelewa tunamwacha.